Aliyemimina Mnanaa Hashuki

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna sabuni iliyotoka kile kiwanda bila kwanza kupita puani mwa Bi Pua. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Kiwandani, mtaani, hata kwa muuza vitunguu, alikuwa Bi Pua, na hakuona ubaya, maana wako watu wanaoitwa kwa vilema vyao na yeye aliitwa kwa kazi yake. Kila pipa la sabuni lilipopikwa, walimletea kipande. Alikivunja, akakinusa mara mbili, mara moja kwa kila tundu, akasema "ipite" au "irudi". Bosi wa mauzo aliwahi kumbembeleza apitishe pipa moja lililochacha kidogo tu, eti wataongeza marashi. Akamjibu kwamba la kuvunda halina ubani, na pipa likarudi.

Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, na pua yake ilikuwa imekufa.

Ilikufa mwaka juzi, kwenye ile homa iliyomlaza wiki tatu. Homa ilipoondoka vingine vyote vilirudi, hamu ya kula, nguvu za magoti kiasi, hasira. Harufu haikurudi. Alifungua mche wa sabuni ya waridi, ile ya katoni aliyopewa siku ya kustaafu, akaupeleka puani, akawa kama ananusa ukuta. Alilia siku hiyo moja. Kesho yake akaanza kudanganya, na kwa mtu aliyekuwa mkweli maisha yake yote, alionyesha kipaji cha kutisha. Akiingia jikoni aliangalia nyuso kwanza. Binti yake akivuta pumzi na kufumba macho kidogo, Bi Pua alisema, "Leo kitunguu kimekaa vizuri." Siku maharage yalipoungua naye ameketi hatua mbili kutoka kwenye sufuria, aliisingizia redio. Na kwa kuwa hakujua tena yeye mwenyewe ananukiaje, na aliogopa kunuka uzee kuliko alivyoogopa uzee wenyewe, alianza kuoga mara tatu kwa siku na kulaza mche wa sabuni chini ya mto.

Sababu ya uongo wote huo ilikuwa chumba. Bi Pua aliishi kwa binti yake na mkwe wake, kwenye chumba cha chini, ngazi kumi kutoka usawa wa ua, chenye bafu na choo chake. Dirisha lilikuwa karibu na dari, na kwa nje lilikuwa sawa na ardhi, kwa hiyo aliwajua watu kwa viatu. Vya binti yake, mwalimu wa hesabu, vilikuwa vyeusi na vyenye haraka. Buti za mkwe wake, fundi bomba, zilikuwa na tope na hazikuwahi kuwa na haraka hata siku moja. Alikipenda chumba kile kuliko nyumba yoyote aliyowahi kulala ndani yake. Lakini mvua za mwaka huu zilijaza bomba kuu la barabarani, maji machafu yakakosa pa kwenda, yakarudi kinyumenyume na kuibukia bafuni kwake mchana kweupe. Yalifika kwenye godoro. Walimkuta amepanda juu ya meza, miguu ameikunja, akiwaita kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Kifungua mimba wake alipiga simu siku hiyohiyo. Nyumbani wanamwita Meneja, kwa kuwa hajawahi kuona jambo asitake kulisimamia. Yeye alikuwa na nyumba ghorofa ya tano, upande wa pili wa mji, yenye lifti na vigae na chumba cha wageni.

"Nakuja na sanduku," alisema. "Mama hawezi kulala jirani na choo kinachotapika."

Bi Pua alimpenda mwanawe huyu sana, na angempenda zaidi kama angemwona zaidi. Lakini alikwishawahi kukaa kwake wiki mbili, na alijua ilivyo. Meneja hutoka alfajiri na kurudi amechoka. Kila kitu kinang'aa. Mtu anakaa kwenye kochi ameshika pochi yake, kama aliye kwa daktari akisubiri kuitwa. Chumba cha wageni ni cha wageni, upende usipende.

Aliyemwokoa ni mkwe. Fundi alichukua simu mkononi mwa mkewe, akasema kwa upole wake, "Shemeji, nipe siku kumi. Nitaweka pampu ya dharura. Ikishindwa, hilo sanduku nitalibeba mimi mpaka garini."

"Siku kumi," Meneja alikubali. "Lakini nikisikia harufu ya choo humo, hata kidogo, tumeondoka."

Jumatatu Fundi alishuka na vipande vitatu vya bomba, akatandika gazeti juu ya godoro jipya na kuvilaza pale kama nguo za mtoto anayekwenda kubatizwa. Tayari alikuwa amechimba shimo nje ya mlango wa bafu na kuzamisha pipa gumu la plastiki. Maji yote ya bafuni yangeingia humo. Yakijaa, boya lingepanda na kuiwasha pampu, nayo ingeyasukuma juu, kisha nje hadi barabarani, na valvu ingeyazuia yasirudi tena. Pampu ingetumia betri, maana umeme wa mtaa ule hukatika mawingu yakikusanyika tu, hata kabla ya tone la kwanza.

"Mama, wewe ni mtu wa viwango," alisema. "Nisaidie kuchagua."

Bi Pua alijua anabembelezwa, akaketi vizuri ili abembelezwe sawasawa. Kipande cha kwanza kilikuwa cha chuma, kutoka stoo ya marehemu bwana mkubwa aliyemfundisha Fundi kazi. Bi Pua aliingiza kidole ndani, kikatoka na kutu.

"Kigumu, lakini roho yake imeoza," alisema. "Kitaziba kabla sijafa."

"Nami naona hivyo." Fundi akampa cha pili, chepesi, cha kijivu. "Hiki nimekifunga nusu ya mtaa huu. Ni kizuri kwa maji yanayoteremka yenyewe. Ila haya ya kwetu yanasukumwa. Pampu ikiwaka, yanapanda kwa kishindo. Ikizimika, yanarudi kuigonga valvu. Siku moja hiki kitaachia kwenye maungio, na yote yatarudi kwako."

"Na hiki cha tatu?"

"Hiki ni cha presha. Ukuta wake mnene, na hakijui kutu."

Bi Pua alikibana kwa viganja, akakipima uzito, akakigonga kwenye ukingo wa kitanda. Karibu akipeleke puani kwa mazoea, akajizuia.

"Ipite," alisema, na Fundi akacheka mpaka akafuta macho.

Bomba la kupumulia ndilo lililoleta kelele. Fundi alitaka litoke kwenye pipa, lipite nyuma ya kabati la nguo la Bi Pua, litoboe dari, lipande kwenye pembe ya jiko la binti na kutokea juu ya paa. Binti, ambaye jiko lake alikuwa amelipaka rangi mwezi uliopita tu, alisimama kwenye ngazi ya juu mikono kiunoni.

"Bomba la choo jikoni kwangu?"

"La hewa," Fundi alisema.

"Hewa ya wapi?"

Fundi akaanza kupima dari kwa futi. Binti akasema dukani kuna vikofia vidogo vinavyofungwa papo hapo juu ya bomba fupi, vinavuta hewa vyenyewe, hakuna kutoboa dari ya mtu. Ni kweli vipo. Basi Fundi akachukua dumu tupu, akalizamisha mdomo wake kwenye ndoo ya maji, likagugumia na kutoa mapovu.

"Maji yakiingia, hewa inatoka. Umeona? Pampu ikiyatoa maji, hewa inaingia. Pipa linapumua pande zote mbili, kama mtu. Kile kikofia kinajua kuvuta tu, hakijui kutoa. Ile hewa itakayokosa pa kutokea itatafuta njia humu, anakolala Mama. Na si harufu peke yake. Ikiwa nyingi, inaua mtu usingizini."

Bi Pua alilitazama godoro lake. Mtu mwenye pua angeamka na kukimbia. Yeye angelala tu, akiota.

"Toboa dari," alisema. "Na jiko la mtoto utalipaka rangi upya wewe mwenyewe."

Binti alimtazama mama yake kwa mshangao, maana kwa kawaida Bi Pua alikuwa upande wake katika vita vyote vya rangi. Akapanda kwenda kufunika vyombo vyake kwa shuka.

Jumatano alasiri Fundi alikuwa amejibana nyuma ya kabati, bega moja ndani na moja nje, brashi ya gundi mkononi, akiunganisha bomba la hewa kipande kwa kipande. Bi Pua akamletea chai. Sasa, mkwe gani anamwambia mama mkwe asubiri? Fundi alisukuma kipande alichokishika kikaingia mahali pake, akaiweka brashi, akatoka na utando wa buibui kichwani. Alikunywa vikombe viwili na kusikiliza tena kisa cha bosi wa mauzo, ambacho alikijua kwa moyo, na akacheka pale pale anapocheka siku zote. Kisha akarudi nyuma ya kabati na kuendelea na kipande cha juu.

Kufika Alhamisi mchana kila kitu kilikuwa mahali pake. Walimwaga ndoo kumi na nne bafuni na umeme wameuzima makusudi. Boya likapanda, pampu ikanguruma, maji yakaenda zake. Bi Pua alipiga makofi kama mtoto.

"Bado kipimo kimoja," Fundi alisema. Akatoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta ya mnanaa. Bwana mkubwa wake alimfundisha hivi: unapanda juu ya paa, unamimina mafuta kwenye mdomo wa bomba la hewa, unafuatisha maji ya moto, unaziba kwa kitambaa. Mvuke unajaa bombani. Kama kuna tundu popote, hata la kupita sindano, chumba kitanukia peremende. "Ila kuna sharti moja. Aliyemimina mnanaa hashuki. Akishuka, mikono na nguo zake zinanukia, kipimo kimeharibika. Anabaki juu mpaka mwenye pua aseme. Na mimi, Mama, nina bahati ambayo bwana mkubwa hakuwa nayo. Mwenye pua wangu ni wewe."

Bi Pua angeweza kusema wakati ule. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akakumbuka kochi na pochi, akayarudisha.

Fundi alivua buti chini ya ngazi yake, mbele ya lile dirisha, kwa sababu hupanda paa peku. Bi Pua alizisikia hatua zake juu, kisha maji yakishuka bombani. Akazunguka chumba. Alinusa bafuni, alinusa mfuniko wa pipa, alinusa nyuma ya kabati, mara mbili kila mahali, mara moja kwa kila tundu. Hakusikia kitu. Alisimama katikati ya chumba akiziangalia zile buti mbili dirishani, zikisubiri kwa adabu kama Fundi mwenyewe. Kisha akainua shingo na kuita, "Hakuna kitu. Ipite."

Alikaa kitandani na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakuwahi maishani kupitisha pipa ambalo hakulinusa.

Dakika tano baadaye viatu vyeusi vilipita dirishani kwa haraka yao, binti akashuka na daftari za wanafunzi kwapani, akasimama kwenye ngazi ya pili.

"Nani anakula peremende humu?"

Fundi alikuwa amekwishateremka, anafunga kamba za buti uani. Akaja mlangoni. Alimtazama mkewe. Akamtazama Bi Pua, na macho yake yalikaa hapo kitambo kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Nilishuka katikati ya kipimo kuchukua koleo. Mikono yangu inanuka."

"Wewe ndiye unayeimba kila siku kwamba hashuki," binti alisema.

"Nimekosea. Nitarudia."

Binti alimkemea kidogo, kwa haki kabisa, akapanda kusahihisha daftari zake. Bi Pua alikuwa ameziangalia zile buti muda wote.

Ijumaa asubuhi, binti alipokwenda shule, Bi Pua alimwita mkwe wake na kumwonyesha kiti.

"Jana hukushuka," alisema.

"Mama?"

"Buti zako hazikusogea, wala miguu yako haikupita dirishani. Niliziangalia sana, maana mtu anayejifanya ananusa hana kazi nyingi."

Fundi hakukalia kiti. Alikaa kwenye ngazi ya chini, akavua kofia.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Maharage," Fundi alisema taratibu.

"Maharage."

"Na yale maziwa? Uliyosema yako sawa?"

"Mliyamwaga?"

"Mke wangu hakuyagusa. Mimi niliyanywa." Akajikuna kichwa. "Nilijiambia, Bi Pua akisema yako sawa, tumbo langu ndilo lenye makosa."

Bi Pua alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Alimwambia yote. Kwamba angemwambia Fundi, Fundi angemwambia mkewe, mkewe angemwambia kaka yake, na leo hii angekuwa ghorofa ya tano. Kwamba jana alipitisha kitu bila kukijua, na angekufa kwa uongo wake mwenyewe, na angestahili.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nilimwambia hivyo mama yangu, yeye akanisikia. Mimi sikujisikiliza."

"Mama," Fundi alisema, "mimi nakupenda wewe, siipendi pua." Hakuwa amewahi kulisema, na mara moja akaona haya na kuanza kuangalia bomba. "Sasa huo mnanaa unatokea wapi? Hapo nyuma ya kabati jicho halifiki. Na nikipeleka mkono wangu, sijui nashika nini. Gundi ya miaka ishirini imeniulia ngozi."

"Unatafuta nini?"

"Ungio lililoshika vizuri lina mkunjo wa gundi, mwembamba, umezunguka bomba lote kama pindo la nguo. Lililokosa, halina."

Bi Pua akasimama. Kiwandani wanaume waliona pua yake tu. Kabla ya kunusa alikuwa akiishika sabuni, na vidole vyake vilijua mche uliokatwa vibaya kabla ya macho kuuona. Alikunja mkono wa gauni, akajibana pale ambapo bega la Fundi lilijibana, akapitisha vidole kutoka chini kwenda juu. Ungio la kwanza, pindo. La pili, pindo. La tatu akalizunguka mara mbili.

"Hili halina kitu," alisema. "Liko uchi."

Fundi alileta kioo na tochi, akathibitisha. Kipande kilikuwa kimesukumwa tu, kikavu kabisa, bila tone la gundi. Akakaa chini, akahesabu siku nyuma, na uso wake ukabadilika.

"Jumatano. Alasiri."

"Nilikuletea chai," Bi Pua alisema.

"Uliniletea chai."

Wakaangaliana, na safari hii kicheko kilikubali. Walicheka mpaka jirani akachungulia dirishani, viatu vya kijani. Fundi alikata kile kipande, akaweka kipya, akakipaka gundi huku amekunja uso kwa umakini. Bi Pua alikaa kitandani mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mkwe huyu aingie katika ukoo wao, hakumpa chai hata kikombe.

Jumamosi Meneja aliwasili na sanduku, kubwa, la magurudumu, ambalo lilishuka ngazi kumi kwa kelele. Alikuwa na suruali ya pasi na alikuwa amenyoa. Fundi akazima umeme, akamwaga maji, na pampu ikafanya kazi yake bila maringo. Alimwonyesha bomba la presha, valvu, kengele iliyofungwa jikoni kwa binti, itakayolia pampu ikishindwa na maji yakipita alama. Meneja alizunguka kila kitu akiuliza maswali mazuri, na Fundi akayajibu.

"Na hewa chafu?" Meneja aliuliza mwishoni. "Mlipima?"

"Alhamisi, kwa mnanaa, na jana nadhani walirudia," binti alisema. "Mama mwenyewe alinusa."

Meneja akainua mikono. "Kama pua ya Mama imepitisha, mimi sina neno." Na akaligeuza sanduku kuelekea mlangoni.

Basi ilikuwa imekwisha. Chumba kilikuwa chake. Fundi alitazama sakafu, na Bi Pua alijua kwamba mkwe huyu angenyamaza mpaka kaburini kama yeye angenyamaza, huku akilipima lile bomba upya kila wiki kwa siri. Ungio lilikuwa na gundi. Karibu yote yalikuwa kweli. Kilichokosekana kilikuwa pua moja tu.

"Rudisha sanduku," alisema.

Wote watatu wakageuka.

"Pua yangu haikupitisha kitu. Ilikufa mwaka juzi, kwenye homa. Alhamisi bomba lilikuwa linavuja na mimi nikasema ipite. Jana tumelirekebisha, lakini hakuna mtu aliyelinusa baada ya hapo. Siwezi kuacha kitu kipite hivyo. Hata kama kitu chenyewe ni mimi."

Binti aliweka mkono mdomoni. Meneja alikuwa wa kwanza kusema, na alisema lile lililoogopwa.

"Kwa hiyo ndiyo kabisa unaondoka. Mtu asiyenusa anawezaje kulala hatua tatu kutoka kwenye shimo la choo?"

"Kwako kuna jiko la gesi, Kaka," binti alisema. Hesabu zake zilikuwa sawa. "Gesi nayo tunaijua kwa pua. Na kwako anashinda peke yake."

Meneja akauachia mpini wa sanduku.

"Tusibishane kabla ya kipimo," Bi Pua alisema. "Wewe utanusa. Pua hiyo uliyonayo niliizaa mimi, ulikuwa unajua nimepika nini kabla hujafika kona ya barabara. Ukisikia mnanaa, au choo, nitafunga sanduku mwenyewe na hutasikia neno. Usiposikia, nabaki."

Walikubaliana hivyo. Fundi akavua buti chini ya ngazi, akapanda na chupa yake. Maji yalishuka bombani, kitambaa kikaziba. Binti alisimama mlangoni akiuma kucha. Meneja alianza bafuni. Alinusa pembe zote, akainama kwenye mfuniko wa pipa, kisha akapiga magoti kwa suruali yake ya pasi na kuingiza kichwa nyuma ya kabati. Alikaa humo muda mrefu. Bi Pua alikuwa ameketi kitandani, na alijikuta ameshika pochi yake.

Kichwa cha Meneja kikatoka, na utando wa buibui.

"Kuna harufu," alisema.

Binti akafumba macho. Bi Pua akaiweka pochi kando ili apate mikono miwili ya kufungia sanduku.

"Ya mnanaa?"

"Hapana. Subiri." Alikuwa amekunja uso, akigeuza kichwa polepole, kama alivyofanya mama yake kiwandani. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akafika kitandani. Akainama. Akanusa mara mbili.

"Ni wewe," alisema.

Uoga wa miaka miwili ulimpanda Bi Pua usoni. "Nanuka nini?"

"Hunuki. Unanukia." Meneja hakuwa mtu wa maneno ya namna hii, na yalimtoka kwa shida. "Sabuni ya waridi, nyingi mno leo. Chini yake kuna nguo iliyopigwa pasi. Halafu kuna ile... Siku ya kwanza ya shule ulikuwa unanifunga kifungo cha shingoni, kinakataa, umepiga magoti, na kichwa chako kilikuwa hapa, chini ya kidevu changu. Ni ileile."

"Haijabadilika?"

"Haijabadilika."

"Mimi sikumbuki ilivyo," Bi Pua alisema, na machozi yakaanza, akayaacha yashuke. "Nimekuwa nikiogopa."

Meneja akakaa kando yake juu ya godoro. Alitazama kabati, bomba, mfuniko wa pipa. Alitazama sanduku.

"Ipite," alisema. "Ila kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakuja kunusa mwenyewe. Simwamini mtu."

"Uje," alisema mama yake. "Kagua sana."

Akaegemeza kichwa chake pale, chini ya kidevu cha mwanawe, na mwanawe hakusogea. Dirishani buti mbili zenye tope zilikuwa zimesimama, tupu, zikisubiri. Juu ya paa sauti ya upole ikaita.

"Mama? Nishuke?"

"Bado," Bi Pua alijibu. "Usishuke bado. Mwanangu bado ananusa."